Kama maji hayasafiri na wimbi, ni kitu gani kilichonitupa mchangani?

#1 MtwangaSwali
Wakuu, salaam.

Tangu shuleni nimeibeba sentensi moja kichwani: "Wimbi husafirisha nishati bila kusafirisha maada." Niliikariri, nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa alama zangu.

Juzi nilisimama baharini, maji yamenifika kiunoni, nimeipa bahari mgongo. Likaja wimbi, likaninyanyua, likanibwaga kifudifudi hatua kama sita mbele ya pale nilipokuwa. Puani chumvi tupu.

Sasa mnisaidie. Kama maji hayaendi popote, mimi nilisukumwa na nini? Mimi nami ni maada, na nimesafirishwa. Ama sentensi ya kitabu ina kasoro, ama sikuielewa miaka yote hii. Nataka kujua ni ipi.

#2 BoyaJeupe
Sentensi iko sawa, ila ulisimama mahali ambapo haifanyi kazi.

Nenda mbele kwenye maji marefu, tupa kipande cha ubao, kiangalie. Kilele kikija, ubao unapanda na kusogea mbele kidogo. Kilele kikipita, unashuka na kurudi nyuma. Ukifuatilia vizuri utaona unachora duara. Maji yenyewe ndivyo yanavyofanya: kila chembe inazunguka hapo hapo ilipo, na wimbi linapita. Kadiri unavyoshuka chini, maduara yanakuwa madogo. Ukifika kina cha nusu ya urefu wa wimbi (umbali wa kilele hadi kilele, ndiyo nusu yake), duara limebaki kama asilimia 4 tu ya lile la juu.

Likikaribia ufukwe, chini hakuna nafasi tena. Maduara yanabanwa na kuwa bapa, wimbi linapunguza mwendo, linarefuka kwenda juu, mwisho kilele kinaitangulia miguu yake na kuanguka. Hapo limevunjika. Likishavunjika, yale siyo maduara tena, ni maji yanayokimbia mbele kwelikweli. Hayo ndiyo yaliyokubwaga.

#3 KambaNdefu
Kwa hiyo kitabu kingeongeza maneno matatu tu, "kabla ya kuvunjika", na MtwangaSwali asingekunywa chumvi.

Mimi huwa nawaambia watu wafunge kamba kwenye kitasa cha mlango, waikung'ute mara moja. Nundu inakimbia hadi mlangoni na kitasa kinatikisika. Kamba yote bado iko mkononi mwako, hakuna hata uzi uliohama. Ila kitasa kimetikisika. Hicho kilichofika mlangoni ndicho wanachokiita nishati.

#4 ChiniYaMaji
Nyongeza kwa BoyaJeupe #2. Watu wasome "nusu ya urefu wa wimbi" kwa makini, wasidhani ni mita mbili tatu. Wimbi la mbali, lile linalopita mara moja kila sekunde 14, katika maji marefu lina urefu wa mita 300 hivi kutoka kilele hadi kilele. Nusu yake ni mita 150.

Mimi ni mzamiaji. Nimekaa chini mita 20 siku ambayo juu palionekana pametulia, mawimbi mapana yasiyo na povu. Chini huku mchanga ulikuwa unakwenda na kurudi, majani yanalala upande mmoja, yanainuka, yanalala upande wa pili. Pale chini hakuna kupanda na kushuka, ni mbele na nyuma tu, kwa sababu sakafu inazuia. Ukishika jiwe unahisi mikono inavutwa. Ukiliachia, unachukuliwa mita moja, unarudishwa mita moja.

#5 HesabuKwanza
BoyaJeupe umeeleza vizuri, lakini duara lako halifungi.

Maji yakiwa juu ya duara yanakwenda mbele, yakiwa chini yanarudi nyuma. Kule juu mwendo ni mkubwa kidogo kuliko kule chini, kwa hiyo kila mzunguko ukiisha chembe haikanyagi pale pale ilipoanzia, imesogea kidogo upande ambao wimbi linaelekea. George Gabriel Stokes alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1847, na mpaka leo msogeo huo unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo jibu kwa MtwangaSwali: sentensi ya kitabu ni ya kukadiria. Kwa mawimbi madogo inakaribia ukweli sana. Kwa mawimbi makubwa, maji yanahama kidogo hata kabla ya kuvunjika.

#6 BoyaJeupe
Nimekubali. Nilikuwa najua ubao unasogea, nikawa nausingizia upepo.

#7 MwalimuWaJioni
Habari za jioni.

Naomba niitetee ile sentensi, maana nimeifundisha. Haikuwekwa kwa ajili ya kuelezea bahari yote. Imewekwa ili mwanafunzi atenganishe vitu viwili ambavyo jicho linavichanganya: umbo linalosafiri, na kitu kinachotikisika.

Fikiria sauti. Katika hewa yenye nyuzijoto 20 inakwenda mita 343 kwa sekunde. Ningekuwa nakutumia hewa yenyewe kutoka kinywani mwangu, kila neno lingekuwa upepo wa mita 343 kwa sekunde. Hakuna kimbunga kinachofika hapo. Tungeongea mara moja tu maishani. Kinachotokea ni kwamba hewa iliyo mbele ya mdomo inaibana jirani yake, jirani anambana wa mbele yake, halafu kila mmoja anarudi mahali pake.

Sauti ndogo kabisa tunayoweza kuisikia inaisogeza hewa kwa umbali ulio mdogo kuliko upana wa atomu moja. Mimi hilo sijawahi kulizoea. Sikio linapokea kitu kidogo namna hiyo na kukitambua kwamba ni jina lako linaitwa.

Darasani nawapanga wanafunzi mstari mmoja, bega kwa bega, namsukuma wa kwanza taratibu. Wa mwisho anayumba. Halafu nauliza: nani amehama? Hakuna.

#8 JukwaaLaKusini
Mwalimu, na lile wimbi la mashabiki uwanjani? Watu wanasimama na kukaa, wimbi linazunguka uwanja mzima, hakuna aliyehama kiti. Nalo linabeba nishati?

#9 KambaNdefu
Hapana. Kwenye kamba, kipande cha kwanza kinamvuta jirani kwa nguvu, ndiyo maana jirani anainuka. Uwanjani hakuna anayekuinua. Unaona kwa macho kwamba zamu yako imefika, unainuka kwa nguvu zako mwenyewe. Kila shabiki anachangia yake na anaipoteza pale pale.

Jaribu hivi: safu nzima igome kusimama. Upande wa pili wanaweza kuliendeleza wimbi kwa sababu wameliona likija. Kamba ukiikata, nundu haivuki.

#10 JukwaaLaKusini
Lakini kuna kitu kimezunguka uwanja. Huwezi kuniambia hakuna kilichosafiri.

#11 MwalimuWaJioni
Habari imesafiri. Nishati haikusafiri. Na hapo ndipo napenda swali lako, maana linaonyesha kwamba si kila kinachoonekana kama wimbi kinabeba kitu kile kile.

#12 FundiSpika
Jamani, mimi nimekaa na spika miaka mingi, naomba niulize la maana zaidi: nishati ya wimbi inakaa wapi, kwenye ukubwa wa mtikisiko au kwenye masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde?

Ninachokiona kazini: koni ya besi inakwenda mbele na nyuma mpaka unaiona kwa macho. Koni ndogo ya sauti nyembamba haionekani hata kutikisika, lakini inakutoboa masikio. Mwendo mdogo, sauti kubwa. Kwangu jibu ni masafa. Kitu kikitikisika haraka kinabeba zaidi.

#13 HesabuKwanza
Kwa bahari sivyo. Nishati iliyo katika kila mita moja ya mraba ya uso wa bahari inategemea kimo cha wimbi kutoka bonde hadi kilele, tena kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Masafa hayamo.

Wimbi la kimo cha mita 1: jouli 1,250 hivi kwa kila mita ya mraba. Hizo zingetosha kumnyanyua mtu wa kilo 70 karibu mita 1.8. Wimbi la mita 2: siyo mara mbili, ni mara nne, jouli 5,000 hivi. MtwangaSwali, lako lilikuwa la kimo gani?

#14 MtwangaSwali
Sikulipima, lilinikuta mgongoni. Waliokuwa ufukweni wanasema lilinifika mabegani.

#15 FundiSpika
HesabuKwanza, maji yako yana uzito unaoyarudisha chini, yaani mvutano wa dunia ndiyo springi yake. Hewa na nyuzi siyo hivyo. Chukua uzi wa gita, utikise kwa upana ule ule lakini kwa masafa mara mbili. Kila kipande cha uzi kinapita njia ile ile kwa nusu ya muda, kwa hiyo mwendo wake ni mara mbili, na nishati ya mwendo ni mara nne. Masafa yamo, tena nayo yanazidishwa kwa yenyewe.

#16 HesabuKwanza
Kwa uzi na kwa hewa uko sahihi. Basi tuseme ukubwa wa mtikisiko uko kila mahali, na masafa yanaingia au hayaingii kutegemea ni kitu gani kinachokirudisha kile kilichotikiswa.

#17 MwangaMwekundu
Mko wote kwenye maji na kamba, mmesahau mwanga. Kwenye mwanga hadithi inageuka tena.

Mwaka 1905 Einstein, akitumia wazo alilolianzisha Planck mwaka 1900, alisema mwanga unatoa nishati yake kwa vipande, na ukubwa wa kila kipande unafuata masafa peke yake. Ndiyo maana unaweza kuimulika metali fulani kwa taa nyekundu kali mpaka uchoke, isitoe hata elektroni moja, halafu mwale dhaifu wa urujuani ukazitoa papo hapo. Ukali wa taa unaongeza idadi ya vipande, hauongezi ukubwa wa kimoja.

Kwa hiyo FundiSpika #12 hajakosea sana, ila amekipata kitu sahihi kwenye wimbi lingine.

Halafu kuna hili: Mwalimu anasema jirani anambana jirani. Kati ya jua na sisi nani anambana nani? Huko ni ombwe. Kila mita ya mraba inayolielekea jua moja kwa moja, juu ya angahewa, inapokea wati 1,361 hivi, baada ya safari ya dakika 8 na sekunde 20. Hakuna kamba wala hewa.

#18 KambaNdefu
Hapo kamba yangu imekatika.

#19 MwalimuWaJioni
Swali hilo liliwasumbua watu wakubwa. Karne ya 19 waliamini lazima kuwe na kitu kinachojaza anga ili mwanga upite, wakakiita etha. Michelson na Morley wakapima mwaka 1887 ili kuona mwendo wa dunia ndani ya etha hiyo, hawakuupata. Kinachotikisika kwenye mwanga ni uga wa umeme na uga wa sumaku, yaani nguvu za umeme na za sumaku zilizotanda angani, na zenyewe hazihitaji kubebwa na kitu.

Kwa hiyo mfano wangu wa bega kwa bega ni wa mawimbi yanayohitaji kitu cha kupitia. Nakiri niliutumia kwa upana kuliko unavyostahili.

#20 MtwangaSwali
Nimeuliza swali moja, sasa ninayo saba. Lakini asanteni, endeleeni.

#21 KambaNdefu
Nami nina la kwangu, la siku nyingi. Shikeni kamba watu wawili. Mmoja atume nundu inayoelekea juu, mwingine atume nundu sawa nayo inayoelekea chini. Zikikutana katikati, kwa kitambo kidogo kamba inanyooka kabisa. Hakuna nundu. Nishati imekwenda wapi? Maana baada ya hapo zinaibuka tena, kila moja inaendelea na safari yake.

#22 HesabuKwanza
Kamba imenyooka, haijatulia. Piga picha utaona mstari, lakini ishike kwa kidole utahisi inakimbia kwenda juu sehemu moja na chini sehemu nyingine. Mkunjo wote umefutika, na mwendo umekuwa maradufu. Nundu peke yake, nusu ya nishati iko kwenye mkunjo na nusu kwenye mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati ya mwendo inakuwa mara nne ya ile nusu, sawasawa na nishati ya nundu mbili nzima. Hakuna kilichopotea.

#23 FundiSpika
Hiyo ni kwa nundu mbili zinazopishana. Kwa sauti isiyokatika ni tofauti. Weka spika mbili mbalimbali zikitoa mlio mmoja, tembea chumbani. Kuna mahali sauti inakufa, hatua moja mbele inanguruma. Pale inaponguruma mtikisiko ni mara mbili, kwa hiyo nishati ni mara nne, na siyo mara mbili kama ulivyotegemea kwa spika mbili. Ziada hiyo ndiyo iliyokosekana kule kulikokufa. Imehamishwa tu.

#24 KambaNdefu
Na kama spika zimegusana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta? Hapo ukimya uko kila upande. Umeihamishia wapi?

#25 FundiSpika
Hilo nimelikuta kwa mikono yangu. Niliitwa mahali wanalalamika besi hakuna, wamebadilisha kila kitu. Nikakuta nyaya za spika moja zimegeuzwa, chanya kwenye hasi. Koni moja inakwenda mbele, ya jirani inarudi nyuma, hewa inapigwa pasi kutoka moja kwenda nyingine, mbele ya watu haifiki. Nilipozirudisha nyaya, milango ilitetemeka.

Kwa maelezo ya mafundi: nishati haikutoka kabisa. Koni haikupata hewa ya kuisukuma, ikawa inajisumbua bure.

#26 MwangaMwekundu
Hapo mna majibu matatu tofauti kwa swali moja: imegeuka mwendo (#22), imehamia mahali pengine (#23), haikutoka kabisa (#25). Mimi naona la tatu ndilo la msingi, maana ukiulizwa nishati imekwenda wapi lazima kwanza uonyeshe kwamba ilitoka.

#27 HesabuKwanza
Sikubali. #22 haihitaji kujua kilichotokea kwenye chanzo. Nundu zilishatoka, mikono imeshaachia.

#28 ChiniYaMaji
Niwarudishe baharini kidogo. Mnajua wimbi linaweza kufika mbali kiasi gani? Mwaka 1963 Walter Munk na wenzake waliweka vituo kukatiza bahari ya Pasifiki, kutoka New Zealand hadi Alaska, wakafuatilia mawimbi ya dhoruba za kule kusini, karibu na Antaktika. Yalivuka zaidi ya kilomita 10,000, na yakishatoka eneo la dhoruba yalipoteza kidogo sana. Dhoruba imekwisha zamani, wimbi lake bado liko njiani. Nikiwa chini nikihisi ule mvuto wa mbele na nyuma, nawaza kwamba kuna upepo ulivuma mahali ambapo sitafika, na mkono wake umenigusa.

#29 HesabuKwanza
Na kuna jambo ambalo hata wavuvi wengi hawajalitazama kwa makini. Chagua kundi la mawimbi kwenye maji marefu, fuata kilele kimoja kwa macho. Kinazaliwa nyuma ya kundi, kinapita katikati, kinafika mbele, kinafifia. Kundi lenyewe linakwenda nusu ya kasi ya vilele vyake. Wimbi la sekunde 8, kilele kinakwenda mita 12.5 kwa sekunde, nishati inakwenda mita 6.2 tu. Kwa hiyo hata kilele unachokiona siyo kibebaji. Kilele kinaipita nishati!

#30 BoyaJeupe
Subiri. Unaniambia jicho langu limekuwa likifuata kitu kisicho na mzigo?

#31 HesabuKwanza
Kwenye maji marefu, ndiyo. Kwenye maji mafupi kilele na nishati vinakwenda pamoja. Tsunami inahesabiwa hapo, kwa sababu urefu wake ni mamia ya kilomita, na mbele yake bahari ya mita 4,000 ni kama kidimbwi. Huko inakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Tarehe 26 Desemba 2004, setilaiti ya Jason-1 ilipita juu ya Bahari ya Hindi kama saa mbili baada ya tetemeko, ikapima kimo cha sentimita 60 hivi. Baharia aliyekuwa huko asingehisi kitu. Kina kikipungua, mwendo unapungua, nishati ile ile inabanwa kwenye maji kidogo, kimo kinapanda.

#32 JukwaaLaKusini
Maikrowevu nazo ni mawimbi haya haya? Nilisikia zinapasha kwa sababu masafa yake yamelingana na masafa ya maji yenyewe.

#33 MwangaMwekundu
Ni mawimbi ya jamii ya mwanga, ila hilo la kulingana si kweli, limeenea tu. Jiko hilo linatumia hezi bilioni 2.45, na hayo si masafa ya pekee ya maji. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, wimbi linaigeuza huku na huku, inagongana na jirani zake, joto linatokea. Ingekuwa imelingana barabara, nishati yote ingemezwa juu juu na ndani pangebaki baridi.

#34 MtwangaSwali
Wakuu, leo nimerudi baharini. Safari hii niliiangalia bahari usoni.

Niliogelea hadi nje ya mstari wa mawimbi yanayovunjika, nikaacha kipande cha ubao, nikahesabu vilele. Vilipita 30. Ubao ulipanda, ulikwenda mbele, ulishuka, ulirudi, kama BoyaJeupe alivyosema. Lakini baada ya vilele 30 ulikuwa umesogea upande wa ufukweni, kama urefu wa mwili wangu mara mbili hivi. Nilifurahi mwenyewe majini: Stokes huyu hapa.

#35 BoyaJeupe
Upepo ulikuwa unaelekea wapi?

#36 MtwangaSwali
Ufukweni.

#37 HesabuKwanza
Basi hatuwezi kutenganisha. Ubao una sehemu iliyo juu ya maji, upepo unaisukuma. Na mkondo nao hatuujui. Chukua chupa yenye kizibo, ijaze maji mpaka ibaki shingo tu inayochungulia. Nenda saa ambayo upepo umelala lakini mawimbi bado yanakuja. Acha na nyingine upande wa pili wako, ili tujue kama mkondo unazichukua kwa pamoja kwenda pembeni.

#38 ChiniYaMaji
Alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka. Na usiende peke yako.

#39 MtwangaSwali
Chupa mbili ninazo. Kesho alfajiri.